Wenye Chihuahua na vijibwa vidogo: tupeane uzoefu wa tabia na matunzo

mkazi_wa_kimara:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Chihuahua jike wa miezi 14, kilo 2 na nusu. Kwangu halali ila mapajani, lakini akija mgeni anatetemeka na kukenua meno. Jana kamng'ata shemeji kidole, damu ikatoka. Watu wananiambia mbwa hawa ni wakali kwa asili. Ni kweli?

mama_wawili_arusha:
Kabla ya yote, huyo shemeji. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali leo hii, hata kama mbwa ana chanjo ya kichaa. Nenda na kadi yake ya chanjo.

binti_wa_tanga:
Wangu nilimchukua mdogo mno. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta kalegea tepetepe, kichwa hakiinuki. Hakuwa amekula tangu jioni. Daktari wa mifugo akaniambia kwa simu nimpake asali kwenye ufizi, nimfunike, nimkimbize kwake. Sukari ilikuwa imeshuka, maana vitoto vya mbwa hawa havina akiba mwilini. Nikawa namlisha mara nne kwa siku mpaka alipokomaa. Kichwani pia mpapase taratibu jamani, wengi wao utosi haufungi kabisa.

fundi_baiskeli:
Mkuu, wangu aling'ata watu watatu, na kosa lilikuwa letu. Kila mgeni akiingia anamnyanyua, watoto wanapokezana kama mwanasesere. Alikuwa anageuza uso, anajilamba pua, anaguruma, na sisi tunacheka kwa kuwa ni mdogo. Angekuwa na kilo 30 nani angecheka? Alipoona kuguruma hakusikilizwi, akatumia meno.

Sasa kwangu hanyanyuliwi na mgeni yeyote. Mgeni anaketi, hamkodolei macho, anamwacha amfuate mwenyewe akitaka. Ilichukua miezi miwili. Juzi kajilaza miguuni pa mama mkwe, nusura nilie.

Kutembea namfunga mkanda wa kifuani, si wa shingoni, koo lao ni jepesi kuumia. Na meno namsugua kila jioni, yanaoza upesi.

mkazi_wa_kimara:
Shemeji kaanza sindano leo. Fundi, hapo pa kuguruma na kucheka umenisema mimi kabisa. Watoto nimeshawaambia: asinyanyuliwe.