Madaftari ya kuhesabu magari Mutuini: niyaendeleze au nianze upya?

Binti wa Fundi
Hamjambo wote. Marehemu baba alikuwa na kibanda cha kushona viatu kando ya barabara inayopita kijijini kwetu Mutuini, Dagoretti, Nairobi. Tangu mwaka 2007 alihesabu magari kila Jumanne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, akichora vijiti vinne na kukilaza cha tano juu yake, kila aina ya chombo katika mstari wake: gari dogo, matatu, lori, mkokoteni. Kurasa za 2007 hazina mstari wa pikipiki. Unaanza mwaka 2009, umeongezwa ukingoni kwa kalamu nyekundu, na kufikia daftari la nne umeipita mistari mingine yote. Siku hizi tipa za mawe hupita alfajiri, wakati watoto wanakwenda shule, nasi tunataka kuomba matuta ya kupunguza mwendo barabarani. Afisa mmoja ametuambia kwamba hesabu ya mtu mmoja si ushahidi. Nifanyeje?

Karani Mstaafu
Pole sana kwa msiba, dada. Nimehesabu magari barabarani kwa miaka mingi, na ninakusihi usianze upya, kwa sababu mahali pale pale, siku ile ile na saa zile zile ndivyo vinavyoiwezesha Jumanne ya 2007 kulinganishwa na ya leo. Pikipiki alizoziona baba yako zilitokana na jambo linalojulikana: mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo.

Kuhusu yule afisa, wawekeni watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kwa vipindi vya dakika kumi na tano, kisha mlinganishe. Fanyeni pia hesabu ya muda wa saa kumi na mbili kila siku kwa siku saba mfululizo, ili mjue asubuhi ya Jumanne ni sehemu gani ya wiki nzima. Malori yagawanyeni kwa idadi ya ekseli, yaani mihimili inayobeba magurudumu, lakini jumla yake muendelee kuiandika, mstari wa zamani usikatike. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli yenye uzito maradufu huichakaza lami takriban mara 16, kwa hiyo kanta, lile lori dogo, na tipa si kitu kimoja.

Mama Waithaka
Mimi naona matuta yataombwa kwa mwendo kuliko kwa idadi. Pimeni mita 100, mtie chokaa kwenye nguzo mbili, kisha mshike saa. Gari linalopita hapo chini ya sekunde 7.2 limevuka kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha sheria mjini. Msisimame waziwazi, maana dereva akiwaona hupunguza mwendo.

Binti wa Fundi
Asanteni. Nimeyafungua tena usiku huu. Juu ya kurasa za Aprili, Agosti na Desemba ameandika "shule zimefungwa". Jumanne ambazo hakuhesabu ameandika tarehe na neno "mvua" au "mgonjwa", na chini yake hakuandika chochote. Niweke sufuri?

Karani Mstaafu
Hapana, dada. Sufuri ingesema kwamba hakuna gari lililopita. Paache wazi kama alivyopaacha, wala usipajaze kwa wastani. Kurasa za likizo zilinganishe na za likizo peke yake. Kisha weka alama siku lami ilipomwagwa na siku barabara ya mchepuko ya Southern Bypass ilipofunguliwa, ili atakayesoma aone mstari ulipinda lini.