Mwaka mmoja kabla ya kuomba udaktari: nirudie mtihani, nijitolee kwa wazee, au niingie maabara?

Mtarajiwa
Wakuu, salaam. Natarajia kuomba nafasi ya kusoma udaktari nje ya nchi, na nina mwaka mmoja kabla ya kutuma maombi. Nina njia tatu za kuutumia na muda hauruhusu zote: kurudia mtihani wa kujiunga ili alama zipande, kujitolea kwenye nyumba ya kutunzia wazee ambako wameshakubali kunipokea, au kusaidia kwenye maabara ya mhadhiri mmoja anayetafiti vimelea. Huyo mhadhiri amegusia kwamba nikijituma jina langu linaweza kuingia kwenye makala. Nisaidieni kulinganisha. Vyuo vya udaktari vinatazama kipi zaidi kwa mwombaji? Kesho kutwa natakiwa nimpe mhadhiri jibu.

Takwimu Tupu
Mleta mada umeacha mambo ya msingi. Nchi gani? Mtihani upi, na ulipata ngapi? Umemaliza sekondari au una shahada tayari? Vyuo havina kipimo kimoja dunia nzima. Jibu hayo kwanza, vinginevyo tutabahatisha.

Nesi wa Usiku
Mimi sihitaji kujua alama zake. Nenda kwa wazee, mwanangu. Nimekaa wodini miaka mingi na nimepokea wanafunzi wa udaktari wa kila aina. Aliyewahi kumlisha mtu asiyeweza kushika kijiko namtambua siku ya kwanza: anakaa chini ndipo aongee, anasubiri mgonjwa amalize sentensi, haogopi harufu. Asiyewahi anasimama miguuni pa kitanda akisoma faili. Wasaili nao wanaliona hilo, maana wengi wao ni watu wa wodini.

Darubini
Kwa heshima zote, Nesi, utu haupingwi, lakini kujitolea kila mwombaji amejitolea. Makala yenye jina lako wanayo wachache. Kwa Marekani hasa, vyuo vikubwa vya utafiti vinataka mtu anayejua ushahidi wa kisayansi unavyopatikana, na kama unawaza MD (shahada ya udaktari) pamoja na PhD (uzamivu wa utafiti) ndiyo kabisa, bila maabara usijisumbue. Chukua nafasi ya maabara.

Mtarajiwa
Asanteni. Nimemaliza sekondari, masomo ya sayansi nimefaulu vizuri. Nchi sijaamua: Uingereza au Marekani, na Ujerumani pia nimeisikia. Mtihani nilioufanya ni UCAT, mwaka jana, sikuridhika na matokeo.

Takwimu Tupu
Bado hujasema ulipata ngapi, ila sasa kuna pa kuanzia.

UCAT ni mtihani wa Uingereza, na Australia na New Zealand wanautumia pia. Ukiomba Uingereza, matokeo yanatumika kwa msimu ule ule tu wa maombi, na kwa msimu mmoja unaufanya mara moja. Maana yake ya mwaka jana yameshakufa. Kwa hiyo kurudia mtihani si moja ya njia zako tatu, ni lazima ukiomba huko. Halafu angalia, mtihani wenyewe umebadilika: kuanzia 2025 sehemu ya maumbo na ruwaza imeondolewa, zimebaki ufahamu wa maandishi, kufanya maamuzi na hesabu, jumla kati ya 900 na 2700, pamoja na ile ya hali za kazini inayotolewa kwa madaraja manne. Vitabu vya zamani vitakupotezea muda.

Marekani ni habari nyingine kabisa. Huko udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza. Wewe uliyetoka sekondari una miaka kadhaa kabla ya kugusa MCAT, mtihani wao wa kujiunga na udaktari, ambao alama zake ni 472 hadi 528. Na MCAT hairudiwi kama maji: mara 3 kwa mwaka, mara 4 kwa miaka miwili mfululizo, mara 7 maisha yako yote, na chuo unachoomba kinaziona alama zote, za chini na za juu. Pia vyuo vingi vya huko havipokei wanafunzi wa kigeni kabisa. Hilo lichunguze kabla ya kuota.

Kwa hiyo ushauri wa Darubini ni mzuri kwa mtu asiyekuwa wewe, angalau kwa sasa.

Darubini
Hapo kuhusu Marekani nakubali, sikujua katoka sekondari. Lakini hata Uingereza maelezo binafsi unayoandika kwenye fomu ya maombi yanahitaji kitu cha kusimulia.

Takwimu Tupu
Kweli, nayo yamebadilika. Kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, ile insha moja ndefu ya UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, haipo. Kuna maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini kingine nje ya masomo. Jumla bado ni herufi 4,000 pamoja na nafasi. Na kati ya nafasi 5 za kuchagua kozi kwenye fomu, za udaktari zisizidi 4. Ile ya tano weka kozi unayoweza kweli kuisoma.

Mama Salma
Naomba niseme kuhusu maabara, maana imetuumiza nyumbani. Mdogo wangu alipewa ahadi kama hii yako, neno kwa neno: njoo usaidie, jina litaingia kwenye makala, na barua ya mapendekezo nitakuandikia mwenyewe. Aliacha kazi ya kujitolea kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu, alikokuwa anapendwa sana, akaenda huko.

Kwa miezi yote aliyokaa alikuwa anaosha vyombo, anabandika lebo kwenye mirija na kuingiza namba kwenye kompyuta. Sidharau kazi hizo, kila maabara inazihitaji. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa naye nusu saa amweleze zile namba ni za nini. Alipouliza aliambiwa soma mwenyewe. Makala ilipotoka jina lake halikuwepo, hata kwenye shukrani. Barua nayo ilichelewa mpaka siku za mwisho, mhadhiri akiwa safarini, ikaandikwa na msaidizi. Ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema anawahi kazini, kisha ikasifu kazi ya sampuli alizofanya mwanafunzi mwingine. Tulijua baadaye.

Akaitwa kwenye usaili. Swali la kwanza kuhusu hiyo maabara: utafiti wenu ulikuwa unajaribu kujibu swali gani? Akababaika. La pili ndilo lililomwangusha zaidi: ulipoona huelewi, ulifanya nini? Hakuwa na la kusema, na kusema kwamba alinyimwa maelezo aliona kama kusengenya. Kuhusu watoto wale, ambao angeweza kuwaongelea mchana kutwa, hakuulizwa, kwa sababu kwenye fomu alikuwa amewaweka mstari mmoja tu ili maabara ipate nafasi. Hakupata mwaka ule. Baadaye alipata chuo kingine, na maabara hakuitaja tena. Lakini yale machozi nayakumbuka, na hasira yangu kwa yule bwana haijapoa.

Nesi wa Usiku
Pole sana, Mama Salma. Mtoto ametumikishwa tu.

Darubini
Pole, dada. Hiyo ilikuwa maabara mbaya, na zipo nyingi. Ila tusimfungie Mtarajiwa mlango. Kabla ya kukubali amuulize mhadhiri mambo haya uso kwa uso: nitakuwa chini ya nani kila siku, nitapewa sehemu gani ya kazi niwajibike nayo, na je, nitahudhuria vikao mnavyojadili matokeo? Akijibu kwa ukungu, aondoke. Suala la jina kwenye makala asiliweke mbele kabisa. Utafiti unaweza kuchukua miaka kuchapishwa, na fomu yake haitasubiri.

Mtarajiwa
Mama Salma nimesoma mara mbili. Mhadhiri hajaniambia nitakuwa chini ya nani. Swali: kwenye nyumba ya wazee hakuna daktari anayekaa pale, anakuja mara moja moja. Je, vyuo havitasema sikuiona tiba?

Nesi wa Usiku
Hawatasema. Vyuo vya Uingereza vinapokea uzoefu wa kutunza watu popote, si hospitali tu. Kumfuata daktari kliniki ni kuzuri, ila pale unatazama tu. Kwa wazee unafanya. Utamkuta bibi mwenye kusahau anayekuuliza kila asubuhi mume wake amekwenda wapi, na mume alifariki zamani. Utamjibu nini? Umwambie ukweli alie upya kila siku, umdanganye, au umwulize habari za huyo mume? Ukiliwaza hilo kwa dhati na kuongea na wauguzi wa pale, una jambo la kumwambia msaili yeyote. Na andika. Kila ukitoka, andika ulichoona na kilichokusumbua, bila majina ya watu. Siri ya mgonjwa inaanzia hapo.

Pembe Nne
Samahani naingia kati. Mnamwandaa kijana kwa usaili kana kwamba usaili unapima kitu. Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha University of Texas kule Houston kilidahili wanafunzi 150, kisha bunge la jimbo likaamuru nafasi ziwe 200. Ikabidi wachukue 50 kutoka mkiani mwa orodha, watu ambao wasaili walikuwa wamewapa alama ndogo. Walipofuatiliwa masomoni na baada ya kuhitimu, hawakuwa nyuma ya wenzao. Sasa niambieni, wale wasaili waliona nini? Wanapenda anayefanana nao na anayeongea kama wao. Afadhali kura.

Nesi wa Usiku
Kura? Nikuchagulie daktari wa kukupasua kwa kura?

Pembe Nne
Si kura ya barabarani. Weka kizingiti cha masomo, wote waliovuka wapigiwe kura. Uholanzi walifanya hivyo kwa miaka mingi, mwenye alama bora akiwa na nafasi kubwa zaidi. Wakaacha 2017, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 sheria imeruhusu tena vyuo kutumia kura. Kule hawajakosa madaktari wazuri.

Takwimu Tupu
Mfano wa Houston ni wa kweli, ila ule ulikuwa usaili wa kizamani, wa kukaa na mtu mmoja mmoja mkapiga gumzo. Kwa sababu ya kasoro hizo hizo, McMaster University ya Kanada ikabuni mwanzoni mwa miaka ya 2000 usaili wa vituo vifupi, na sasa vyuo vingi vinautumia. Unasoma hali iliyobandikwa mlangoni, unaingia, unaongea dakika chache na msaili mmoja, kengele inalia, unahamia kwa mwingine ambaye hajui ulivyofanya kule. Ukichukiwa na mmoja, wengine wanabaki. Wakati mwingine kituoni yupo mwigizaji: amekasirika, au inabidi umpe habari mbaya. Hapo hawapimi unajua nini kuhusu moyo na figo. Wanapima kama unasikiliza, kama unaona pande zote za jambo, kama unaweza kusema "sijui, ningemuuliza anayenizidi".

Pembe Nne
Nakubali ni afadhali kuliko gumzo. Lakini aliyelipiwa mafunzo ya hivyo vituo bado anamzidi asiye na uwezo wa kulipa. Hilo haki yake iko wapi?

Mama Salma
Hapo Pembe Nne umenena. Hata kujitolea bila malipo ni kwa mwenye anayemlisha. Kuna watoto lazima wafanye kazi ya kulipwa wakitoka shule.

Takwimu Tupu
Na kazi ya kulipwa waiandike kwa kujiamini. Aliyehudumu dukani miaka miwili huku analea wadogo zake ana ushahidi wa uwajibikaji kuliko wengi wa wiki moja hospitalini. Wanaosoma fomu wanalijua hilo. Fomu ya Marekani ina nafasi 15 za shughuli, na kazi za kawaida zinahesabiwa.

Mtarajiwa, umetaja Ujerumani. Desemba 2017 Mahakama yao ya Katiba ilisema sehemu za utaratibu wa zamani zinakiuka katiba, na tangu 2020 nafasi zinagawanywa hivi: asilimia 30 kwa wenye alama bora za kumaliza sekondari, 10 kwa sifa zisizotegemea hizo alama, kama mtihani wa vipaji au mafunzo ya kazi ya afya, na 60 kwa vigezo ambavyo vyuo vinavichanganya. Ile foleni ya kusubiri miaka imefutwa. Lakini hayo ni ya Wajerumani na raia wa Umoja wa Ulaya, wengine wanapitia mlango mwingine, na Kijerumani ni lazima.

Mtarajiwa
Nimeelewa nchi ndiyo inaamua zaidi ya nilivyodhani. UCAT nitaifanya. Kesho nitamuuliza mhadhiri maswali ya Darubini. Akikubali siku moja kwa wiki labda niunganishe na wazee, sijui kama ataridhia.

Darubini
Siku moja kwa wiki maabarani haifai kitu, jaribio halikusubiri. Mwombe wakati wa likizo, mfululizo.

Nesi wa Usiku
Siku moja kwa wiki kwa wazee inafaa sana. Hiyo usiiguse.

Takwimu Tupu
Na bado hatujui alama zake za UCAT.

Kipepeo
Wakuu naomba nichomekee swali bila kuanzisha uzi mwingine. Mdogo wangu hatofautishi nyekundu na kijani, ana ndoto ya udaktari. Wanamkataa mapema?

Nesi wa Usiku
Uingereza hilo si kizuizi cha kusoma udaktari. Wapo madaktari wenye hali hiyo. Ajitambue tu, na pale rangi inapohusika, kama upele au damu kwenye choo, azoee kumuuliza mwenzake. Ana umri gani?