Fasihi linganishi inafundishwa kana kwamba hakimiliki haikuwahi kuwepo. Nimechoka!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Muhula mzima wa fasihi linganishi, somo la kulinganisha fasihi za lugha na mataifa mbalimbali, neno hakimiliki halijatamkwa hata mara moja. Nimepeleka pendekezo la tasnifu juu ya jambo hilo, nikarudishiwa na maelezo ya mstari mmoja: "Hii ni mada ya watu wa sheria."

Ya watu wa sheria kivipi?

Kila mhadhiri anaanza na Goethe, mwandishi wa Kijerumani, Januari 1827, akimwambia msaidizi wake Eckermann kwamba zama za fasihi ya ulimwengu zimewadia. Sawa. Mbona hatuambiwi Goethe huyohuyo alikuwa anahangaikia nini miaka ile? Ujerumani ilikuwa dola nyingi, kila moja na sheria yake. Kitabu kikitoka huku, kule kinachapwa kiharamia na mwandishi haambulii kitu. Mwaka 1825 akaliomba Shirikisho la Ujerumani, muungano wa dola hizo, limlindie toleo la kazi zake zote, akapewa hati ya ulinzi na dola moja baada ya nyingine. Juzuu za kwanza zikaanza kutoka kwa mchapishaji wake, Cotta, mwaka huohuo wa 1827! Simlaumu, jasho lake lilikuwa haki yake. Nawalaumu wanaotugawia nusu ya habari.

Halafu njooni kwenye tafsiri, maana bila tafsiri wengi wetu tusingelinganisha chochote. Mwaka 1853 mwandishi wa Marekani Harriet Beecher Stowe alimshtaki mchapishaji Thomas wa Philadelphia, aliyeichapa kwa Kijerumani, bila ruhusa, riwaya yake kuhusu utumwa, Uncle Tom's Cabin, na wakati huo Stowe alishamlipa mtu wake wa kuitafsiri. Akashindwa. Jaji Grier alisema tafsiri si nakala ya kitabu. Hebu fikirieni uzito wa hukumu hiyo: mahakama inaamua kazi ikihamia lugha nyingine inabaki kuwa ya nani. Hilo si swali la fasihi linganishi? Ni la nani basi?

Wasomi Meltzl na Brassai walianzisha jarida lao la fasihi linganishi kule Kolozsvár (leo Cluj, Romania) mwaka 1877. Kitabu cha Posnett, Comparative Literature, kilitoka 1886, na Septemba ya mwaka huohuo Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, ukatiwa saini, ukimpa mwandishi miaka 10 tu ya kumiliki haki ya tafsiri. Haki hiyo ilikuja kulingana na ya kazi asilia mwaka 1908, mkataba uliporekebishwa Berlin. Yaani taaluma yetu ilikua wakati uleule mataifa yanagombania nani atafsiri nini na amlipe nani. Vitabu vilivyovuka mipaka, na bei vilivyouzwa, vilitegemea ugomvi huo.

Walimu wa fasihi mliomo humu, nataka jibu la maana: kwa nini haya hayamo kwenye silabasi? Na mimi pendekezo langu nalirudisha Jumatatu bila kubadilisha kichwa.