Mchujo wa majimbo Marekani, mnakisiaje nani atashinda?

Mpigahesabu: Wakuu naombeni msaada, nafuatilia kura za mchujo Marekani, zile ambazo vyama vinachagua mgombea urais jimbo kwa jimbo, na kila nikikisia nani atabeba jimbo gani nakosea. Mnaangalia nini hasa, kura za maoni au pesa za kampeni?

MamaKura: Kura za maoni usizitegemee peke yake mdogo wangu. Michigan 2016 kwenye mchujo wa Democrat zilimuweka Hillary Clinton mbele kwa kama pointi 20 halafu mpinzani wake Bernie Sanders akashinda! Nilikesha usiku ule naangalia namba za kaunti zikiingia, sikuamini macho yangu.

Kijana_wa_Data: Mi naangalia wapigakura wa jimbo ni kina nani. 2020 Biden alikuwa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, watu wakasema kwisha habari yake, ikaja South Carolina ambako weusi ndio wengi kwenye mchujo wa Democrat akapata karibu nusu ya kura, siku tatu baadaye Super Tuesday, ile Jumanne majimbo mengi yanapiga kura pamoja, akabeba majimbo 10 kati ya 14. Pesa? Bilionea Bloomberg, mgombea mwenzake, alimwaga mamilioni akaishia kushinda American Samoa tu, visiwa vidogo vya Marekani.

Mzee Hoja: Na sheria jamani. New Hampshire wasio na chama wanaruhusiwa kupiga, Florida hawaruhusiwi, kwa hiyo mgombea yuleyule anaweza kuwaka huku akazimika kule. Na kwa Democrat ukiwa chini ya asilimia 15 ya kura hupati mjumbe, yaani mtu wa kukupigia kura kwenye mkutano mkuu wa chama.

Mpigahesabu: Asanteni sana, hilo la wasio na chama sikuwahi kuliweka kwenye hesabu, naanza upya leo jimbo kwa jimbo.