Kamera pekee, rada na kamera, au laida: ipi haina breki hewa?

Safari_Ndefu (mwanzisha mada)

Wakuu, naombeni ushauri wa kweli. Gari langu lina breki za dharura zinazojifunga zenyewe. Linatumia rada kwenye bampa na kamera moja juu ya kioo cha mbele, na nililinunua likiwa limeshatumika. Ndani ya miezi saba limenifungia breki mara tatu bila kitu chochote mbele yangu. Mbili ni chini ya daraja lile lile la juu. Ya tatu ni kwenye kona, magari yameegeshwa ukingoni upande wa nje, njia yangu nyeupe kabisa. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Nilisikia honi, nikasikia matairi yakilia, nikatazama kioo nikaona taa zake tu. Alinikwepa kwa kuingia upande wa pili. Angekuta mtu anakuja, tungekuwa tunazungumza mengine.

Nimeanza kuliita tatizo hili breki hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa. Mke wangu hataki tena kukaa kiti cha mbele, na mimi mwenyewe nikikaribia daraja mguu unakuwa mzito.

Naona njia nne: nihamie gari la kamera pekee, nitafute jipya zaidi lenye rada na kamera, nitafute lenye laida (kifaa kinachopima umbali kwa miale ya leza), au nibaki na hili na kuzima kila kitu. Waliowahi kuendesha haya magari, mnasemaje?

Macho_Mawili

Naendesha gari la kamera mbili bila rada, huu mwaka wa nne. Kamera zimekaa kulia na kushoto kwa kioo cha ndani na zinapima umbali kama macho yetu: kitu kikiwa karibu, kila jicho linakiona mahali tofauti kidogo. Madaraja hayajanisumbua hata mara moja.

Udhaifu wake ni mwanga. Jua likishuka na kukupiga usoni, taa ya tahadhari inawaka kwenye dashibodi na mfumo unajizima. Ukungu mzito, vivyo hivyo. Mvua ya kumwaga, vivyo hivyo. Mimi napenda likiniambia halioni kuliko likibahatisha, ila ujue kwamba saa ambayo wewe huoni vizuri, nalo halikusaidii.

Mawimbi_77

Tusikimbilie kusema kamera zimeshinda. Tesla walianza kuondoa rada kwenye Model 3 na Model Y za Amerika Kaskazini mwezi Mei 2021. Februari 2022 shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, lilifungua uchunguzi wa magari kama 416,000 ya aina hizo, ya 2021 na 2022, baada ya malalamiko 354 ya breki kujifunga bila sababu. Mwezi huo huo likafungua uchunguzi mwingine wa Honda Accord na CR-V zipatazo milioni 1.7, malalamiko 278, kosa lile lile. Hizo Honda zina rada na kamera. Kwa hiyo ukibadilisha aina ya kifaa peke yake, unaweza kulikuta tatizo linakusubiri kwenye gari jipya.

Nieleze daraja lako. Rada inajua umbali na kasi ya kitu vizuri mno, lakini umbo halijui. Rada nyingi za magari zinapima kwa shida kitu kiko juu kiasi gani, hivyo daraja la chuma lililo juu ya barabara na lori lililosimama katikati ya njia vinaweza kurudisha mwangwi unaofanana. Mhandisi anabaki na uamuzi mgumu. Akiamini kila mwangwi wa kitu kilichosimama, gari litafunga breki kwenye kila daraja, kila kibao na kila bamba la chuma lililofunika shimo. Akiupuuza, gari litamwingiza mtu chini ya lori bovu. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari vinaonya kwamba kruzi inayofuata gari la mbele (mfumo unaoshika mwendo uliouweka na kupunguza wenyewe ukikaribia gari la mbele) huenda isitambue gari lililosimama ukiwa kwenye mwendo mkali. Kamera imewekwa ili iamue. Sasa ikitokea kivuli cha daraja kimeidanganya kamera wakati ule ule rada imepata mwangwi, mashahidi wawili wamekubaliana juu ya uongo mmoja, na breki inafungwa.

Kuhusu laida: inapima kwa miale ya leza na inachora umbo la kitu kwa urefu, upana na kina, kwa hiyo daraja inalitambua kuwa ni daraja. Leza yenyewe si ngeni. Volvo XC60 ya 2008 ilitoka na breki za namna hiyo zinazotumia leza, ila kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Lakini leza ni mwanga, na ukungu na matope vinaipunguzia nguvu kama vinavyolipunguzia jicho.

Njia_Usiku

Mimi ni dereva wa lori, yaani mimi ndiye yule wa nyuma yako. Kwa kilomita 80 kwa saa natembea mita 22 kila sekunde. Taa zako za breki zikiwaka, macho yaone, mguu uhame, upepo ujae kwenye breki, hapo nimeshakula mita thelathini na zaidi kabla gari halijaanza kupungua. Kama barabara mbele yako naiona iko wazi, akili yangu inasita, kwa sababu haioni sababu ya wewe kusimama. Nakuomba, ukijua gari lako lina tabia hiyo, usikae mbele ya lori ukikaribia daraja. Nipishe nipite.

Mama_Pacha

Tafadhali kaka, usizime. Mwaka jana mtoto alichomoka nyuma ya gari lililoegeshwa akifuata mpira. Gari langu lilifunga breki kabla mguu wangu haujafika. Lilisimama karibu naye kiasi kwamba nilimwona kifua tu, miguu sikuiona. Nilishuka nikamshika, tukalia wote wawili. Siku hiyo nilikuwa macho, sikuwa na simu mkononi, na bado nisingewahi.

Hata takwimu zinakubaliana nami. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, imekuta magari yenye onyo na breki hizi yanagonga wa mbele kwa nyuma pungufu kwa asilimia 50 hivi, na zile zinazotambua watembea kwa miguu zinapunguza ajali zao kwa asilimia 27. Ila utafiti huo huo ulikuta kwamba usiku, barabarani pasipo taa, hakukuwa na tofauti yoyote. Hilo lilinishtua, na tangu nilisome napunguza mwendo gizani kama vile gari halina mfumo wowote.

Njia_Usiku

Dada, ongeza hili maana linatuhusu sisi tunaoharibikiwa njiani. Januari 2025 hao IIHS walitoa majaribio ya sanamu ya mtu aliyevishwa nguo za aina mbalimbali, zikiwemo zenye mikanda ya kuakisi mwanga. Honda CR-V iliigonga katika asilimia 84 ya majaribio, Mazda CX-5 asilimia 88, wakati Subaru Forester iliikwepa karibu kila mara. Fulana ile ile inayomsaidia dereva kuniona inaweza kuipoteza kamera. Naendelea kuivaa, lakini sisimami tena upande wa magari yanayokuja.

Fundi_Kioo

Safari_Ndefu, kabla hujauza gari niambie: kioo cha mbele ni kile lilichotoka nacho? Bampa limewahi kunyooshwa au kupigwa rangi? Nembo ya mbele imebadilishwa? Springi zimeinuliwa? Umesema umelinunua limetumika, na hapo ndipo mimi naanzia siku zote.

Rada ikigeuka digrii moja tu pembeni, mita 100 mbele inakuwa imekosea kama mita 1.75. Kwenye njia ya mita 3.5 hiyo ni nusu nzima, yaani inaweza kumsoma aliyeegesha ukingoni kama yuko mbele yako. Ikiinuka kidogo kwenda juu, inaanza kutafuta madaraja. Plasta nene au rangi yenye chembe za chuma mbele ya rada inavuruga mawimbi. Kioo kipya kikibandikwa na kishikio cha kamera kimekaa upande, kamera inatazama ulimwengu ulioinama.

Dawa yake ni kalibresheni, yaani kupima na kuweka upya mwelekeo wa rada na kamera, na ifanywe kama kitabu cha gari kinavyotaka. Magari mengine yanakalibreshiwa yakiwa yamesimama: sakafu iliyo sawa, upepo wa matairi sahihi, alaimenti imeshafanywa, mbao za alama zimepimwa kwa umbali na urefu kamili. Mengine yanaendeshwa barabarani yenye mistari inayoonekana mpaka mfumo ukubali. Mengine yanataka vyote viwili. Na usitulizwe na mashine ya kusoma hitilafu ikisema hakuna kosa. Mashine inakuambia rada inazungumza. Kama inatazama upande sahihi ni swali jingine. Nimeshafungua mabampa mengi yenye kishikio kilichopinda na dashibodi haina taa hata moja.

Safari_Ndefu

Bampa lina rangi iliyotofautiana kidogo na mlango, sikuwahi kulifikiria. Nitakwenda. Swali: wakati nasubiri nizime nini? Na nitajuaje kama ni breki ya dharura au ni ile kruzi? Mara zote za darajani nilikuwa nimewasha kruzi.

Mawimbi_77

Swali zuri, watu wengi huvichanganya. Breki ya dharura huja na kengele, alama nyekundu kwenye dashibodi, kisha mkanda unakubana kwa jinsi gari linavyosimama. Kruzi inapunguza mwendo bila fujo, unahisi gari limekata tamaa ya kwenda. Kama darajani hukusikia kengele, ni kruzi, na hiyo unaweza kuacha kuiwasha leo hii ukabaki na ulinzi wako. Msaada wa kukaa katikati ya mistari nao uzime penye mistari iliyofutika. Kwenye majaribio ya chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, ya 2021 ya mvua ya kutengenezwa, magari yalitoka nje ya mstari katika asilimia 69 ya majaribio.

Breki ya dharura iache ikiwa imewashwa. Iwapo gari lako lina kiwango cha onyo la mapema au la kuchelewa, liweke la kuchelewa. Halafu ujue magari mengi hurudisha mfumo huu ukiwasha injini upya, hata kama jana uliuzima.

Safari_Ndefu

Nimerudi na majibu. Kishikio cha rada kilikuwa kimepinda, inatazama juu, na nyuma ya rangi kulikuwa na plasta. Bampa limebadilishwa, rada imenyooshwa, kalibresheni imefanywa ya kusimama na ya barabarani. Kumbe darajani ilikuwa kruzi kweli, sikumbuki kengele. Ile ya kona ndiyo iliyokuwa breki ya dharura.

Nimepita lile daraja mara kumi na moja, kruzi ikiwa imewashwa, bila lori nyuma. Hakuna kitu. Ila ile kona jana imenipigia kengele. Haikufunga breki, kengele tu. Gari siliuzi kwa sasa, lakini hiyo kengele inanikosesha amani.

Fundi_Kioo

Hiyo ya kona ni namna mfumo unavyofikiri. Unakisia njia yako kwa jinsi usukani ulivyokatwa. Kabla hujaanza kukata, walioegesha upande wa nje wako mbele yako moja kwa moja, na kwa sekunde hiyo haujakosea. Ingia taratibu, anza kukata usukani mapema kidogo, itanyamaza. Ukiisikia kwenye barabara iliyonyooka, lirudishe gereji siku hiyo hiyo.