Tupeane uzoefu: dereva mwenye dispraksia anaposhushwa garini kupimwa ulevi

Mleta mada
Habari wakuu. Uzi huu nauelekeza kwa wanaoijua kazi hii kwa karibu: walimu wa udereva, watu wa tiba, wakalimani wa mahakamani. Dispraksia ni hali ambayo mtu anakua nayo tangu utotoni. Misuli ni mizima na akili ni nzima, ila ubongo unapata shida kupanga na kuratibu mwendo wa mwili. Inakadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100, na wengi wao wanaingia nayo utu uzimani. Leseni wanapata, ingawa mafunzo huchukua muda mrefu zaidi.

Marekani, polisi wakimshuku dereva humshusha na kumpa vipimo vya mwili pale pale kando ya barabara. Ndugu zetu wengi huko wanaendesha malori na teksi. Je, mtu ambaye hajagusa pombe lakini mizani yake ndiyo hiyo, vipimo vile vinamsomaje? Naomba tupeane uzoefu wa kazi, kwa hatua na namba. Habari za nani alikamatwa wapi tuziache.

Mwalimu wa Gia
Nianze na vipimo vyenyewe, maana watu wanavichanganya. Vilivyosanifishwa na NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ni vitatu tu, na vilitokana na utafiti ulioanza California miaka ya 1970. Kugusa pua, kutaja alfabeti na kuhesabu kinyumenyume havimo katika vile vitatu, ingawa bado utakutana navyo.

Cha kwanza ni macho. Askari anashika kalamu au kidole sm 30 hadi 38 mbele ya uso wako, juu kidogo ya usawa wa macho, anakipeleka kushoto na kulia. Anatafuta mboni inayorukaruka bila hiari yako. Dalili ni 3 kwa kila jicho, jumla 6. Zikifika 4, anaandika kwamba huenda kilevi kimevuka kiwango.

Cha pili ni kutembea na kugeuka. Mguu wa kushoto kwenye mstari, wa kulia mbele yake, kisigino kikigusa vidole, mikono ubavuni. Unabaki hivyo hivyo hadi maelekezo yote yaishe. Kisha hatua 9 za kwenda na 9 za kurudi, macho kwenye miguu, unahesabu kwa sauti, huruhusiwi kusimama katikati. Dalili ziko 8: kupoteza mizani wakati wa maelekezo, kuanza kabla hujaambiwa, kusimama njiani, kuacha pengo la nusu inchi kati ya kisigino na vidole, kukanyaga nje ya mstari, kuinua mikono sm 15 au zaidi, kugeuka vibaya, kukosea idadi ya hatua. Mbili tu zinatosha.

Cha tatu ni mguu mmoja. Unainua mguu unaoutaka sm 15 kutoka chini, magoti yote yamenyooka, unautazama huku ukihesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" hadi askari aseme basi. Yeye anapima sekunde 30. Dalili 4: kuyumba, kutumia mikono, kurukaruka, kushusha mguu. Hapa pia mbili zinatosha.

Tibakazi
Asante Mwalimu. Wengi wanadhani mwenye dispraksia ataangukia kwenye kutembea. Kwa kawaida anakuwa ameshaandikiwa dalili kabla ya hatua ya kwanza, kwa sababu ya pale kwenye kusimama kisigino kwa vidole huku unasomewa maelekezo. Mtu mwingine anasimama hivyo bila kufikiri, masikio yake yako huru. Mwenye dispraksia analipia mizani kwa umakini wake wote. Akisikiliza, mguu unatoka kwenye mstari. Akishikilia mguu, nusu ya maelekezo inampita. Vipimo hivi vimetengenezwa makusudi kugawa umakini, kwa kuwa pombe huua uwezo huo mapema. Tatizo ni kwamba dispraksia nayo inagusa uwezo huo huo, na karatasi ya askari haina mahali pa kutofautisha.

Kugeuka nako si jambo dogo. Unatakiwa uache mguu wa mbele kwenye mstari, uzunguke kwa hatua fupi fupi za mguu wa pili. Huo ni mwendo mpya wenye mpangilio, umeelezwa mara moja na kuonyeshwa mara moja. Mwenye dispraksia hujifunza mwendo mpya kwa kurudia mara nyingi. Atageuka kwa mzunguko mmoja kama anavyogeuka siku zote, na hiyo ni dalili. Mikono ndiyo inayoniuma zaidi: tangu mtoto tunamfundisha anyooshe mikono akitafuta mizani, na hapa kosa lenyewe ni kunyoosha mikono.

Kwenye mguu mmoja, ongeza usiku. Wengi wao huegemea macho kupata mizani, wanakaza jicho kwenye kitu kimoja kilichotulia. Kando ya barabara kuna giza, taa za gari la polisi zinazungukazunguka, malori yanapita kwa upepo. Hapo egemeo lao limeondoka.

Macho ndicho kipimo chenye nafuu, kwa kuwa hakidai mizani ya mwili. Wapo ambao macho yao hufuata kitu kwa kurukia badala ya kuteleza, na kichwa kikafuata. Lakini fanya hesabu: kutofuata kwa ulaini ni dalili moja kwa kila jicho, yaani 2 kati ya 6. Peke yake haifiki 4. Mtu akipata 0 au 2 kwenye macho halafu akaanguka vibaya kwenye miguu, tofauti hiyo ni ya kumwonyesha wakili.

Mkalimani wa Korti
Naongeza jambo ambalo mara nyingi halitazamwi. Mwongozo wa askari unakiri kuwa wenye zaidi ya miaka 65 na wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani hupata shida na vipimo hivi. Kwa hiyo askari huuliza: "Una tatizo lolote la mguu au mgongo? Umeumia?" Mwenye dispraksia anajibu "hapana", na amesema kweli, miguu yake haiumwi. Baadaye karatasi inasomwa hivi: aliulizwa, akasema ni mzima, akashindwa. Jibu linalofaa ni: "Sijaumia, lakini nina hali ya ubongo inayoathiri mizani na kufuata maelekezo mengi kwa pamoja. Ninayo tangu utotoni." Kama kamera ya askari inarekodi, maneno hayo yanabaki.

La pili ni lugha. Maelekezo ya kutembea yana vipengele zaidi ya kumi, kwa kawaida yote kwa Kiingereza, na mara nyingi kuhesabu nako ni kwa Kiingereza. Kwa anayetafsiri kichwani kwenda Kiswahili, umakini umegawanyika mara tatu. Ukiulizwa "umeelewa?" usitikise kichwa kwa adabu. Kama hujaelewa sema hujaelewa, omba arudie na aonyeshe tena.

Lori la Masafa
Kwa wenye leseni ya malori: kiwango cha pombe kwenye damu ukiwa kwenye gari la biashara ni asilimia 0.04, wakati dereva wa kawaida ni 0.08 katika majimbo karibu yote (Utah ni 0.05). Tenganisheni mambo mawili. Vipimo vya kando ya barabara, vya mstari na mguu, katika majimbo mengi ni hiari. Ila baadhi ya majimbo yanaruhusu kukataa kwako kutajwa mahakamani. Kipimo cha kemikali, yaani pumzi kwenye mashine ya kituoni au damu, ni kitu kingine kabisa. Ukikataa hicho, karibu kila jimbo linasimamisha leseni, na ya biashara inaondoka mwaka 1 kwa mara ya kwanza, miaka 3 kama ulibeba mzigo wa hatari. Kwa asiyekunywa, kemikali ndiyo rafiki. Pombe haipo, mashine itasema haipo. Muulizeni wakili wa jimbo lenu mapema, leseni ikiwa bado mfukoni.

Mwana Leicester
Uingereza msije na ushauri wa hiari. Sheria ya Barabara ya 1988 inampa askari aliyefunzwa mamlaka ya kukupima uwezo: mboni, kufumba macho na kukadiria sekunde 30, kutembea na kugeuka, mguu mmoja, kidole puani. Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa. Elezeni hali yenu kabla ya kuanza, msingoje kushindwa. Lile la kukadiria sekunde 30 liangalieni sana, maana kukisia muda ni udhaifu wa wengi wenye dispraksia. Ukishindwa, kwa kawaida unapelekwa kituoni, na matokeo hayo yanaweza pia kutumika kama ushahidi. Kiwango kwenye pumzi ni mikrogramu 35 za pombe kwa ml 100 (Scotland 22), na mashine inapima mara mbili, wanachukua namba ya chini.

Nyali
Kenya na Tanzania askari anakuletea mashine ya kupuliza, alcoblow, kwa hiyo miguu si shida sana. Shida ni mdomo. Wapo ambao dispraksia yao iko kwenye ulimi na midomo: matamshi yanasikika ya kilevi, na pumzi inakatika kabla mashine haijalia. Vuta hewa kwanza, ziba mrija kwa midomo yote, puliza polepole bila kukata, kama unayepuliza moto wa mkaa. Mwombe askari akuonyeshe.

Tibakazi
Kuhusu barua ya mtaalamu: "ana dispraksia" peke yake haisaidii. Iandikwe anachoshindwa akiwa mzima kabisa: anasimama sekunde ngapi kwa mguu mmoja, kila mguu, anatembea hatua ngapi kisigino kwa vidole kabla ya kutoka kwenye mstari, anakumbuka maelekezo mangapi yakisemwa mara moja, matamshi yake yakoje. Tarehe na sahihi. Ripoti za utotoni za vipimo vya uratibu wa mwendo, MABC-2 (inaishia miaka 16) au BOT-2 (miaka 21), ziambatishwe, zinathibitisha hali ni ya zamani.

Ikunjwe ukurasa mmoja, ikae kwenye bahasha moja na leseni, bima na kadi ya gari, ibanwe juu kwenye kizuia jua. Kupapasa karatasi na kuziangusha nako askari hukuandika kama dalili. Na usiishike hadi askari afike dirishani: mikono kwenye usukani, mwambie bahasha iko wapi, kisha ndiyo uichukue.