Wanaosema wauguzi wanatosha waje walale wodini usiku mmoja tu

Wakuu, salamu baadaye, nimekereka.

Kuna hospitali hapa Dodoma, siitaji. Baba yangu mdogo amefanyiwa operesheni ya tumbo pale. Dripu inaisha usiku hadi damu inarudi kwenye mpira, sindano ya saa sita usiku anachomwa alfajiri. Nimeenda kwa mkubwa wao kulalamika, najibiwa: "Ndugu yangu, wauguzi tunao, ikama yetu iko vizuri." Akanionyesha na karatasi ya hiyo ikama, yaani orodha ya watumishi. Majina kibao, kweli.

Sasa hayo majina saa nane za usiku yanakuwa wapi? Maana wodini nilimkuta nesi mmoja na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anaogopa hata kugusa kanula. Vitanda vimejaa, wengine wako chini kwenye magodoro.

Tupige hesabu ya mtaani. Wiki ina saa 168. Mtumishi akipiga kazi saa 40 kwa wiki, nafasi MOJA ya nesi isiyokaa wazi usiku na mchana inataka watu wanne na ushee. Weka likizo ya mwaka, wanaougua, aliye likizo ya uzazi siku 84, na semina (hizo haziishi, posho ndiyo inajua), unafika watano. Kwa hiyo wodi yenye majina kumi ina manesi wawili kwa zamu, basi. Mmoja akisukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji, aliyebaki ndiye achome sindano, afunge vidonda, ajaze mafaili, ajibu ndugu wa wagonjwa na apokee mgonjwa mpya. Halafu mtu anakaa ofisini anahesabu majina kumi na kuniambia wanatosha!

Na wanaokuja wanaongezeka. Sensa ya 2012 mkoa huu ulikuwa na watu milioni 2.08, ya 2022 ikakuta milioni 3.09. Hapo hujagusa wanaoshuka kutoka wilaya za mikoa jirani, Manyoni na Kiteto.

Huko California, Marekani, kuna sheria iliyoanza kutumika 2004: nesi ana kikomo cha wagonjwa. Kwa wodi za kawaida za upasuaji sasa ni watano, ICU wawili. Najua mtaniambia sisi siyo Marekani. Sawa, lakini tumbo likipasuliwa linahitaji uangalizi uleule. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliotoka 2002, tena wa wagonjwa wa upasuaji, ulikuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi anaendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Mgonjwa mmoja tu wa ziada! Sisi tunaongeza godoro zima la chini na hakuna anayeshtuka.

Na wasiseme hakuna kipimo. Shirika la Afya Duniani lina WISN, njia ya kukokotoa watumishi wanaohitajika kulingana na kazi iliyopo, Tanzania imeshaitumia. Inaangalia kazi zilizopo kwa mwaka, kila kazi inachukua muda gani, na mtumishi ana saa ngapi hasa za kufanya kazi ukishatoa likizo na mengineyo. Waliopo unawagawanya kwa wanaohitajika. Ikija chini ya 1, mna upungufu, hata karatasi iwe na majina mazuri namna gani. Mkubwa wetu nilipomuuliza wodi ile imepata ngapi, akaanza kutafuta miwani.

Kuna ndugu wa mgonjwa usiku ule alimtukana yule dada wa watu, eti mvivu. Mvivu wa wapi? Tangu aingie zamu sikumwona akikaa. Tukimaliza hasira zetu kwa nesi, aliyepanga rosta analala usingizi mtamu nyumbani kwake Iyumbu.

Ninachotaka ni kidogo: kila zamu, mlangoni mwa wodi, ubao uandikwe manesi wangapi na wagonjwa wangapi, wa magodoro wakiwemo. Haihitaji bajeti, chaki tu.

Manesi mliomo humu, usiku mnabaki wangapi kwa wagonjwa wangapi? Andikeni bila kutaja hospitali, msije mkapata barua.